Nilivyokinga kompyuta za ofisi na virusi kwa spiriti na deki, sikukuu ya Idd

Wakuu, salaam kwenu nyote. Kisa hiki ni changu mwenyewe. Chumvi nitatia, siwezi kujizuia, lakini mambo yenyewe yalitokea.

Miaka ya tisini niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba virusi vya kompyuta vinaingia kwa viatu na kikohozi.

Msicheke bado.

Nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta shule ya usiku, mtaa wa Buxton. Mwenzangu mmoja darasani alituapia kwamba huko bara karani alipiga chafya moja tu, mashine za jengo zima zikalala. Na kila chumba cha kompyuta nilichokijua, viatu ulivua mlangoni. Sasa uvue kwa nini kama hakuna ugonjwa?

Nikapata kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ghorofani Mji wa Kale. Kompyuta zetu zilikuwa zimeunganishwa kwa nyaya na moja kubwa, server. Network yote, yaani mtandao huo wa mashine, chini ya ulinzi wangu, nami bado niko kwenye majaribio.

Idd ikakaribia. Tajiri wetu, Bwana Feisal, akaniita.

"Hamisi, mimi naenda Lamu kwa mama. Karatasi za wateja zote zimo humo kwenye mashine. Nikirudi nikakuta zimeharibika, majaribio yako yameishia hapo."

"Ondoa shaka, tajiri. Hata mbu hapiti."

Wakuu, nilipiga deki hadi ofisi ikanuka kama wodi ya wazazi. Sakafu iling'aa, paka wa jirani akateleza kutoka mlangoni hadi dirishani. Nikafunika kila mashine. Nakala za kazi zote nikazitia kwenye disketi, kama tulivyofundishwa, nikazifungia kabatini pamoja na nafthalini, vile vidonge vya kufukuza mende, zisishikwe na mafua.

Pale kwetu, Idd Wakristo walishika zamu, na Krismasi tuliwashikia sisi. Zamu ikamwangukia karani mwenzangu, Kazungu. Akaniletea disketi ya mchezo, ameiazima kwa rafiki yake Majengo.

"Shekhe wa mashine, nitakaa hapa peke yangu na kuta? Niruhusu nicheze kidogo."

Nikaichukua. Nikaifuta kwa pamba na spiriti, mbele na nyuma, nikaipepea ikakauka.

"Hii sasa ni safi kuliko wewe," nikamwambia. "Lakini ukikohoa, toka nje."

Nikaenda zangu kula biriani.

Tuliporudi kazini, Bwana Feisal akawasha mashine yake. Herufi zikaanza kuporomoka kwenye skrini, moja moja, zikarundikana chini kama chenga za mchele. Kompyuta ya pili vilevile. Ya tatu haikuwaka kabisa.

"Nini hii, Hamisi?"

"Homa, tajiri."

"Homa!"

Kazungu akaruka. "Mimi sikukohoa, wallahi! Nimekaa na kitambaa mdomoni sikukuu nzima!"

Bwana Feisal alitutazama kama watu walioshuka kutoka mwezini. Akampigia simu fundi wa duka lililotuuzia mashine, dada mmoja wa Ganjoni aitwaye Mwanaisha. Mimi nilikwishaanza kukusanya kalamu zangu.

Mwanaisha akakagua mashine na kila disketi aliyoikuta mezani, akauliza neno moja tu: "Nakala mnazo?"

Nikafungua kabati. Ile nafthalini ilimtoa machozi, lakini nakala zilikuwa nzima. Akasafisha mashine zote, akarudisha kazi za wateja. Kufikia alasiri tukawa tunachapa karatasi kama kawaida.

"Nakala zimekuokoa," tajiri akaniambia. "Utabaki. Ndoo na spiriti vipeleke kwa wafagiaji."

Funzo langu, wakuu: kabla ya kufunga ofisi kwa sikukuu, chukua nakala uziweke mbali na mashine, zima mashine isiyo na kazi, na kitu cha kuazima kisiguse network hata kiwe kimeoshwa kwa zamzam. Nyinyi wenzangu mliokuwa mkilinda kompyuta enzi hizo, mliambiwa nini? Semeni, nisichekwe peke yangu.

Maana siku ile, Mwanaisha akifunga mkoba wake, nilimwuliza kama niongeze dawa kwenye maji ya deki. Akaketi tena.

"Kaka Hamisi, virusi vya kompyuta si vidudu. Ni programu, kuna mtu amekaa akaiandika. Ilikuwa ndani ya ile disketi ya mchezo, na nyinyi ndio mlioiingiza."