Saa Tano ya Nani?

Niliingia Kariakoo asubuhi kununua balbu, nikatoka na msiba. Ujumbe uliniingia kwenye simu nikiwa bado mlangoni mwa duka: yule dada mtakwimu, mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la vitenge, hatunaye tena. Ibada nyumbani kwake Ilala, mazishi Kinondoni kesho saa kumi. Nikainua macho ng'ambo ya barabara, dirisha lake lile pale, pazia limefungwa. Niliumia. Hatukuwa ndugu wala marafiki wa kutembeleana, lakini kuna watu ambao ukijua tu wapo, unaona mji una mwenyewe.

Msomaji wangu ambaye hajawahi kufanya utafiti huenda hajui kazi yake ilikuwa nini. Vipimo na majibu ya utafiti huingizwa kwenye programu ya kompyuta inayovichambua, na programu hiyo huongezewa viprogramu vidogo viitwavyo plagini, kila kimoja na kazi yake: hiki kuchora grafu, kile kuoanisha tarehe na saa. Visipopangwa sawasawa programu hugoma, au, mbaya zaidi, haigomi. Marehemu alikuwa amesomea takwimu hadi chuo kikuu, na wanafunzi walipanda ngazi zake kutoka kila pembe ya jiji. Hakuwa na maneno matamu. Ukiweka soda karibu na mashine aliiondoa bila kukuuliza. Tena alikuwa na desturi iliyowatoa watu jasho. Akishakuwekea programu na plagini zake zote, zikafanya kazi, wewe unaanza kushukuru, yeye anasema, "Haya, futa." Nifute nini, dada? "Yote. Halafu uweke mwenyewe, mimi naangalia. Ikikugomea huko Nachingwea utamwita nani?"

Mdogo wangu wa kike naye alifutishwa, nusura alie. Alikuwa anaandika tasnifu kuhusu vumbi la karakana na vikohozi vya akina mama lishe wa mtaa wa Gerezani. Aliweka kifaa cha kupimia vumbi, kinachorekodi kiwango chake saa baada ya saa, kisha wasaidizi wake wakawauliza akina mama kikohozi huwashika saa ngapi. Plagini moja ilikuwa ya kuoanisha saa za kifaa na saa za majibu, na ikaoanisha bila kulalamika. Matokeo yakasema akina mama hukohoa zaidi wakati hewa ni safi. Vumbi halina hatia! Mdogo wangu alikwisha kuvisikia vile vifua kwa masikio yake, na sasa alikuwa amebakiza kuandika kwamba karakana hazina neno, kisha atie jina lake chini. Alikonda kwa mawazo. Nikamsindikiza ghorofani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu nione." Marehemu akakitazama kioo kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye jibu moja. "Huyu anakohoa saa tano. Saa tano ya nani?"

"Si ya huyo mama?"

"Na kifaa kinaijua saa ya huyo mama?"

Mdogo wangu akashika kichwa. Mama lishe akisema saa tano, jua limeshapanda na vyuma vinakatwa. Kifaa kikisoma tano ni alfajiri, Gerezani imelala na karakana zimefungwa. Mimi nikaropoka kwamba dawa ni rahisi, aongeze sita kila mahali twende tukale. Dada akanitazama kama soda iliyowekwa karibu na mashine. "Kuna wasaidizi walioandika saa za Kiswahili, na kuna waliojifanya kutafsiri. Unawajua nani ni nani?" Hatukuwajua. "Basi twendeni tukaulize."

Mama wa kwanza tuliyemkuta alikuwa anageuza chapati. "Saa tano hii ya jua, wanangu! Wakianza kukata vyuma hapo nyuma. Saa tano ya usiku nitakuwa nampikia nani, paka?" Marehemu alicheka mpaka akashika meza, halafu akahamia meza ya pili. Tulizunguka hivyo hadi kila jibu likapata saa yake, na kikohozi kikaonekana kinafuata vumbi. Tasnifu ilipita. Wenye karakana wakajenga ukuta wa kukatia vyuma nyuma yake, na chapati zinaiva mbele ya ukuta huo hadi leo.

Siku ile tukirudi, viatu vimegeuka rangi, alisema jambo ambalo sijalisahau: "Programu haijui Kiswahili. Haina kosa. Wewe unakijua." Tunapokea mashine zilizopangwa na watu wasiotujua, na kwa haraka zetu za mjini tunabonyeza "endelea" bila kusoma. Yeye alizipenda mashine kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, lakini hakukubali zijibu kwa niaba ya mama lishe. Tangu hapo, nikipewa namba yoyote, huuliza kwanza ni ya nani.

Mdogo wangu sasa yuko kazini mkoani, na programu zake huweka mwenyewe. Nilimtumia ule ujumbe wa mazishi palepale dukani. Jibu lake lilikuja upesi: "Saa kumi ya nani?"

Nilicheka katikati ya Kariakoo, kisha machozi yakanitoka, watu wakawa wananipisha. Nikamwandikia: "Ya kwetu, mdogo wangu. Panda basi."