Kichekesho Nilichompa Mama

Daktari alisema mashine ingepiga picha ya kichwa cha Mama kabla ya kumdunga dawa ya kuonyesha mishipa, kisha nyingine dawa ikiwa mishipani, halafu ifute mifupa yote ibaki mishipa tu. Walikuwa wanatafuta mshipa uliovimba. "Mama, usitikise kichwa hata kidogo," akamwonya, "picha mbili zisipolingana zinaharibika."

Mama alikuwa anatetemeka, nami nikajifanya mjanja. Nikamnong'oneza, "Mathe, ukilala pale mfikirie pasta wetu wa Kangemi, siku ile alipokanyaga kanzu yake akaanguka akituhubiria tusimame imara."

"Mjinga wewe," akasema, akasukumwa ndani.

Nikiwa nje ya mlango nikamsikia anacheka, kile kicheko chake cha sokoni cha mwili mzima. Kisha daktari: "Mama! Picha imeharibika. Tutaweka dawa tena."

Na kama mshipa ungepasuka kwa utani wangu? Mimi, ambaye hata kwa maombi sinyamazi, nilijiziba mdomo kwa mikono miwili, kana kwamba pumzi yangu ingemfikia.

Walipomtoa aliniambia, "Wameuona. Bado haujapasuka. Haya, nimalizie ile ya pasta."

Mikono ilikataa kutoka mdomoni.