Maua Niliyoyamaliza

Nikiwa darasa la tatu, kwetu Kigombe, boga changa halikunyooshewa kidole. Ukitaka kulionyesha, ulikunja kidole ukaelekeza kwa kifundo, la sivyo lingeoza. Bibi alikuwa na sharti la pili, ambalo hakuna aliyeliogopa: ukichuma maua ya kupika, chuma yale ya vikonyo vyembamba, yasiyo na kiboga chini yake, wala usiyamalize.

"Mengine yaache," alisema. "Shamba likivuliwa nguo zote huona haya."

Kuchuma ilikuwa kazi yangu. Mwanaidi, binti wa shangazi yangu, alikuwa ameletwa kwetu kutoka Mwera ili asome, maana kwao shule ilikuwa mbali. Asubuhi moja alisimama kati ya matuta, mkono umenyooka: "Hili la Bibi, hili langu, na lile dogo lako, mchoyo wee!"

"Kunja kidole, we mtoto!" Bibi alipiga kelele kutoka jikoni. Mwanaidi alikikunja akicheka.

Siku zile nilikuwa nachuma mpaka ua la mwisho la kikonyo chembamba, alfajiri, kabla ya nyuki. Ungo ukijaa, Bibi alinisifu. Nilipenda kusifiwa.

Viboga vikageuka njano, vikalainika, vikadondoka. Kimoja, kisha kingine, kisha vyote. Yalikuwa maboga ya futari. Bibi hakufoka.

"Mkono huu na shamba langu haviwezani," alisema, akamwita baba yake Mwanaidi aje amchukue. Mwanaidi aliondoka mkono wa kulia kaufunika kwa kanga. Shule hakuiona tena.

Miaka mingi baadaye, chuoni, kwenye somo la biolojia, mwalimu alitugawia maua ya boga na viwembe. Nikapasua la kwanza, la kikonyo chembamba: stameni, na unga wa chavua uliobaki kidoleni kama manjano. Nikapasua la pili: stigma ya kupokea chavua, na chini yake ovari, kiboga chenyewe, kinasubiri. Nyuki asipoleta chavua kutoka ua la kiume, mwalimu alisema, kiboga hunyauka na kudondoka. Niliandika. Nilichora vizuri, nikapewa alama nzuri. Sikuhisi kitu.

Mwaka jana ndipo nilipouunganisha mchoro ule na ungo wangu; nilikwenda Mwera, nikamweleza Mwanaidi yote. Alikuwa anapepeta mchele.

"Kwa hiyo si kidole changu."

"Si kidole chako. Ni mimi niliyeyamaliza maua."

"Na Bibi alikukataza."

"Alinikataza."

Akapuliza pumba. "Bibi mwenyewe kafa bila kujua. Haya, kunywa chai, inapoa."

Nilipoaga, nikamuuliza njia ya mkato ya kwenda barabarani. Palikuwa na mikorosho tu, hapakuwa na boga hata moja. Alinyoosha mkono kunionyesha, na kidole kikajikunja chenyewe.

Natunga mashairi; shairi la kidole kile nimelijaribu mara nyingi, halinijii. Bibi alituwekea masharti mawili. Lile lenye ukweli nililivunja mimi, nikasifiwa.