Mukarugwiza Aliyeapa Kutokula Samaki

Miaka ile ya hamsini, katika soko la samaki la Gisenyi, hakuna aliyemshinda Mukarugwiza kwa maneno. Mnunuzi akimbonyabonya samaki, atamuuliza kama anatafuta mchumba. Lakini ukafika wakati samaki wenyewe hakuwaonja hata kipande, yeye mke wa mvuvi!

Sababu ilikuwa mama yake, Nyirahabimana, aliyefuga ng'ombe huko juu Rubavu. Wafugaji wa milimani waliamini kwamba mla samaki akinywa maziwa, ng'ombe hukauka. Tangu binti aolewe ziwani, mama hakumpa hata tone la maziwa, wala hakukanyaga kwake. Basi Mukarugwiza aliposhika mimba aliapa kuacha samaki, ili akijifungua mama amletee maziwa ya uzazi kwa mkono wake. Maziwa yalikuwa kisingizio tu, maskini, alimtaka mama.

Akajifungua, mama hakutokea, akarudi sokoni na kichanga mgongoni. Muhogo mtupu haumtoshi mzazi. Matiti yakakauka, mtoto akawa halali kwa njaa.

"Kula samaki, dada!" alimfokea Saidati, mshonaji wa nguo pale sokoni. "Mutoto iko anakonda, na we unangojea ng'ombe ya watu?"

"Mi niliapa, Saidati."

Saidati hakujua kubembeleza. Alifunika cherehani, akapanda Rubavu mwenyewe kwenda kumwambia yule mama kwamba mjukuu anakonda.

Kesho yake Nyirahabimana akatokea katikati ya matenga ya samaki, upindo wa nguo puani. Mukarugwiza akaficha nyuma mikono yake yenye magamba.

"Mawe, mama yangu, sijala samaki. Hata mmoja."

"Tangu lini?"

"Tangu nipate mimba. Nilitaka uje."

Bibi akamfunua mtoto, akampapasa mbavu. Akalia palepale mbele za watu, kilio cha sauti, na aibu ikamshika hadi masikioni. Kisha, bila kuuliza bei, akamshika samaki mkubwa kwa mikono miwili. Samaki akamponyoka, akamwokota, akamponyoka tena. Wachuuzi wakacheka mpaka machozi.

"Nionyeshe anavyopikwa," alimwambia binti yake. "Ule mbele yangu."

"Na ng'ombe, mawe?"

"Ng'ombe akikauka nitapata mwingine. Wewe nitakupata wapi?"

Siku hiyo Nyirahabimana hakurudi mlimani. Alipika samaki, akamuunguza upande mmoja, akamlisha binti yake tonge kwa tonge kama mtoto.