Mama ameniuliza kitambaa cha bluu kiko wapi

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama tunalingana basi pole na kazi. Jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Utemini hapa Singida mjini na kazi yangu ni kupiga picha. Sina studio. Nina kamera, begi, na kitambaa cha bluu ambacho nakitundika ukutani nyuma ya mtu ili picha itoke safi hata kama nyumba ni ya tope. Anayenipigia simu namfuata alipo, na nimeshafika mpaka Rungwa.

Nilianza na harusi na kipaimara kama wenzangu wote. Miaka hii wateja wangu wengi ni watu walio mijini ambao wana mzazi mzee kijijini. Mtu ananipigia yuko Dar, anasema, "Dada, naomba ukampige baba picha nzuri, avae koti, atazame mbele." Hasemi ni ya nini na mimi siulizi. Wote tunajua ni ile picha inayotangulia mbele ya jeneza. Huku kwetu watu wanaona aibu kuzika mzazi kwa picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka uso haueleweki. Mzee mwenyewe akiniuliza namwambia ni ya sebuleni, maana watoto wake ndivyo wanavyotaka nimjibu.

Kule Rungwa babu mmoja mfuga nyuki alinipa asali kwenye chupa ya maji, akashukuru sana kwamba watoto wake wanataka kumtundika sebuleni kwao. Watoto waliponipigia kwamba amefariki, niisafishe ile picha iwe kubwa na kuitia fremu, asali yake ilikuwa bado ipo kabatini. Niliinywea chai siku ile ile. Sikusikia uchungu wala nini. Nilijishangaa kidogo, kisha nikaendelea na kazi.

Nimekuwa mtu wa hivyo. Baba yangu mdogo alipofariki wenzangu walikuwa wanalia, mimi naangalia kama fremu imenyooka na kioo hakirudishi mwanga. Dada yangu akanifinya, akaniambia, "Wewe una roho ngumu." Sina roho ngumu. Nimekauka tu, na sijui nilikauka lini.

Tatizo ni kwamba kile kitambaa kimeshajulikana. Ukienda msibani huko Iramba, mara nyingi marehemu yuko mbele ya bluu ile ile. Kuna harusi nilikitoa nikitaka kuwapiga maharusi, bibi mmoja akabeba kiti chake akasogea pembeni. Akasema, "Mimi bado, mjukuu wangu. Anza na wengine." Watu walicheka sana na mimi nikacheka nao.

Sasa ni zamu ya mama yangu. Yuko Kinampanda, anaumwa tumbo muda mrefu. Tulimpeleka hospitali kubwa, daktari akatuita sisi watoto pembeni, akatuambia kansa imeshasambaa, tukamtunze nyumbani. Kaka yangu mkubwa alituapisha kwamba mama asiambiwe. Tumemwambia ni vidonda vya tumbo. Anakunywa dawa za maumivu akijua zinamponya, au ndivyo tunavyojidanganya.

Mwezi huu kaka amenipigia. "Mpige mama picha mapema, akiwa bado ana mashavu yake." Nikamuuliza nimwambie ni ya nini. Akasema, "Si unajua unavyowaambiaga wengine?" Ni kweli najua. Ila mama yangu ni wa kikundi cha akina mama wa kanisa, kila msiba yuko jikoni anapika. Kitambaa changu anakijua kuliko wateja wangu wanavyokijua. Na katika miaka yote hii ya kushika kamera sijawahi kumpiga mama picha ya maana. Kila mara nasema nitampiga nikija tena. Aliyonayo ni ya kitambulisho, amekunja uso kama anagombana na mtu.

Jumapili iliyopita nilienda kumwona, kamera na kitambaa vikiwa ndani ya begi. Nilimkuta ameshaogeshwa, amevaa sare yake ya kikundi na kilemba cheupe, amekaa kwenye kiti kuelekea dirishani. Hakuna aliyemwambia nakuja na kamera. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimekula. Kisha akasema, "Kitambaa chako umekuja nacho?"

Nikasema nimekisahau Utemini.

Akaliangalia begi, akaniangalia mimi. Hakukasirika. Akasema, "Basi Jumamosi uje nacho. Ila wale wazee huwa unawaambia ni ya sebuleni. Mimi usiniambie hivyo, mwanangu." Akaomba nimvue kilemba alale.

Nikamvua, nikakikunja vizuri, nikapanda gari nikarudi mjini. Njia nzima sikulia. Nilikuwa nafikiria ule mwanga wa dirishani, kwamba ulikuwa mzuri na nimeuacha.

Nimemweleza kaka. Amesema nikienda na kitambaa nitakuwa nimemtangazia mama kifo na yeye hatanisamehe, nimpige na simu tu kwa kuibia akiwa anaongea. Dada anasema mama ameshajua, sisi ndio tunaogopa. Mimi naona nikikitundika pale nitakuwa nimemjibu bila kufungua mdomo, na nisipokitundika atakuwa ananisubiri amevaa sare yake, na sijui ataweza kukaa kwenye kile kiti mpaka lini.

Leo ni Alhamisi. Begi nimeliweka karibu na mlango. Kitambaa nimekifua, nimekipiga pasi, nimekitia ndani, nimekitoa tena, sasa hivi kipo hapa mapajani ninapoandika. Nyie mliowahi kuuguza mzazi, niambieni. Jumamosi niende nacho, au nikiache?