Karanga za Ukweni

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nimekaa mkekani ukweni, juu milimani Uluguru kwenye mashamba ya mboga. Mdomo umevimba, mikono imejaa mabaka, na bado nasema, "Nimeshiba, mama, asante." Nilikuwa nimeolewa mwaka ule ule, binti wa mjini, nimetoka Mafiga. Kwetu nilifundwa kwamba mke mpya hachagui chakula cha ukweni. Akiwekewa anakula na kushukuru. Basi nikashukuru huku najikuna.

Mwili ulianza kuniwasha miezi michache baada ya ndoa. Nikila, tumbo linajaa na vipele vinatoka. Wifi yangu, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, aliwatangazia majirani kwamba nina mimba. Mimba ilipokosa kuonekana, akageuza: nawadharau, nimezoea vya mjini. Mume wangu akanipeleka hospitali.

Daktari alinidondoshea matone mkononi, akachoma ngozi kidogo chini ya kila tone. Palivimba sehemu mbili, kwenye tone la karanga na la mayai.

"Kipimo hiki kinatuonyesha vyakula vya kushuku tu," alisema. "Acha vyote viwili kwanza. Ukipata nafuu tutarudisha kimoja kimoja, hapa hapa mbele yangu. Usijaribu nyumbani. Na ukivimba mdomo au koo likabana, usingoje kesho."

Nilimwelewa vizuri. Nikarudi mlimani, na mama mkwe sikumwambia neno; hata mume wangu nilimficha. Ningeanzaje? Mwanamke analima karanga, anazimenya mwenyewe, anaungia mboga, halafu mimi niseme zinanidhuru! Nikawa naukwepa mchicha wa karanga, nakula ugali na kisamvu kitupu. Nikaendelea kuwashwa. Nikaanza kujikatia vingine kwa akili yangu: maharage, ndizi, maziwa. Nilikonda hadi nguo zikanipwaya, na kila sahani niliitilia shaka. Niliogopa, mwanangu, na nilishaanza kuwaza kurudi kwetu moja kwa moja.

Siku hiyo ya mdomo kuvimba, mama mkwe aliweka bakuli chini akanitazama.

"Usinidanganye. Hospitali walikuambia nini?"

Nikamweleza yote, machozi yananitoka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama najua kisamvu anakitwangia wapi.

"Kinu ninacho kimoja," alisema. "Asubuhi natwanga karanga, mchana kisamvu. Kukisafisha kwenyewe nakifuta kwa kiganja tu."

Hapo ndipo hasira ilipompanda. "Mwiko nashika mimi, halafu siri unaiweka na daktari? Ungenifia hapa, mama yako ningemwambia nini?"

Hakungoja jibu. Aliita bodaboda, tukashuka naye hospitali siku ile ile. Wiki haikuisha alikuwa ameshamwagiza fundi kinu kingine na mchi wake, akamtangazia wifi mbele ya wote kwamba atakayetwangia karanga humo atafute jiko la kupikia. Sikutegemea kutetewa namna hiyo, na nililia tena. Mabaka yakakauka. Baadaye daktari alinirudishia yai mbele yake, kidogo kidogo, na halikunifanya chochote. Kumbe nililisusa bure. Maharage, ndizi na maziwa nikavirudia pia. Karanga ndizo nimepigwa marufuku hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, chakula kikikusumbua nenda kwa daktari. Usihangaike na zile mashine za barabarani unazoshikishwa kijichuma, zinazodai kupima mwili mzima; jirani yangu alipimwa Dumila akakatazwa karibu kila kinacholiwa. Kipimo cha kweli nacho kisikutishe kabla hakijathibitishwa. Acha ulichoambiwa uache, si zaidi, na usirudishe kitu bila daktari kujua. Ila kabla ya hayo yote, mwambie anayekupikia. Mimi niliona haya kumwambia mama yule, na haya yangu nusura imfanye aniue kwa mkono wake mwenyewe, huku akiamini ananilisha.

Mungu akupe afya, mwanangu, akupe watu wa kukupikia kwa upendo, na akufungue mdomo uwaambie kinachokudhuru.