Mdomo wa Herlinda

Herlinda Olguín alikuwa mkalimani wa mahakama katika mji wetu wa mpakani, Texas, na maisha yake yote ya kazi alisema "mimi". Ndiyo sheria yetu wakalimani: mwizi akisema, wewe ndiye mwizi, jaji akifoka, wewe ndiye unayefoka.

"Asubuhi nimeiba lori, mchana nimefumaniwa," aliniambia tukila tamale za mahindi barazani. "Jioni nafika nyumbani hoi, sina hata nguvu ya kutenda dhambi yangu mwenyewe!"

Waliomwita kasuku walinikera. Kasuku hachagui. Chukua neno moja tu la Kiingereza, surrender. Askari akisalimu amri, Kihispania ni rendirse. Mtu akikabidhi funguo ni entregar. Akiachia haki yake ni renunciar. Haya, chagua, na jaji anakusubiri.

Siku moja aliletwa mahakamani Nereida, mwanamke kijana aliyehukumiwa kifungo kirefu. Shangazi yake alikuwa tayari kumlea mwanawe, Itzel, ila sharti mama amtoe kwa hiari yake mbele ya jaji. Asipotamka, mtoto atabaki kwenye makao ya serikali.

Jaji akauliza kwa neno lile lile, surrender. Mimi, niliyekaa benchi la nyuma, ningechukua renunciar ya wanasheria. Herlinda akachukua entregar, kumkabidhi mtu mikononi mwa mtu. Likitafsiriwa kwa Kiingereza, jibu lingerudi kuwa surrender, neno la jaji, sheria isipungukiwe kitu.

Nereida akajibu. "Ndiyo. Namkabidhi."

Herlinda akamgeukia jaji. "Anasema ndiyo, anamkabidhi."

Nilishtuka. Kosa hilo la kuacha "mimi" hata mwanafunzi wetu halifanyi.

"Bi Olguín," jaji akasema, "nani anayesema hapa? Nataka jibu la mama."

Herlinda hakujaliwa kuzaa, na alikuwa amemlilia Mungu miaka mingi kwa hilo. Akaishika meza kwa mkono.

Nereida hakuelewa kilichotokea. Akamnong'oneza Herlinda kwa Kihispania, "Nimekosea, mama? Watamnyima shangazi?"

"Hujakosea, mwanangu. Nimekosea mimi."

Herlinda akajifuta uso kwa kiganja, akamtazama jaji machoni.

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema. "Mimi ni mama yake. Ninamkabidhi."